Bei zimepaa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu chakula na mahitaji ya nyumbani

Haya ndo maswali watu huuliza kila vyuma vikikaza. Majibu mengine marefu, mengine mafupi, inategemea swali lenyewe lina nyama kiasi gani. Msimamo wangu nauweka hapa mapema: usibane kila kitu. Nyumba nyingi zina vitu vitano au sita vinavyomaliza sehemu kubwa ya hela, hivyo ndo vya kushughulika navyo, vingine viache. Ukihesabu mpaka njiti za kiberiti utachoka wiki ya pili na kurudi ulipokuwa.

Kwani bei zinapanda kwa sababu gani? Si wenye maduka tu wanatufanyia makusudi?

Wapo wanaotumia mwanya, hilo siwatetei. Ila mara nyingi mwenye duka naye kauziwa ghali. Kitu kinapita mikono mingi kabla hakijafika rafuni: mbolea, mafuta ya gari, meli, pakti, kodi, thamani ya hela yenu mbele ya dola, na kila mkono ukiongeza kidogo mwisho wa siku unalipa wewe. Chukua mbolea. Mbolea ya urea inatengenezwa kwa kiasi kikubwa kwa kutumia gesi asilia, kwa hiyo gesi ikipanda upande mmoja wa dunia, mkulima wa upande mwingine anaipata mbolea kwa bei ya kuruka, na baadae wewe unaikuta kwenye unga.

Mwaka 2022 ulikuwa somo tosha. Urusi ilipoivamia Ukraine mwezi Februari, mafuta ya alizeti yakawa shida maana Ukraine ndo ilikuwa muuzaji mkubwa wa mafuta hayo duniani, watu wakakimbilia mafuta ya mawese, na hapo hapo Indonesia, mzalishaji namba moja wa mawese, ikazuia kuuza nje kuanzia mwishoni mwa Aprili mpaka Mei 23. Mtu aliyekuwa anakaanga mayai yake kimya kimya, hana habari na nchi hizo mbili, akashangaa chupa ya mafuta imekuwaje.

Na si vita tu. Kakao ilipita dola 10,000 kwa tani mwaka 2024 kwa sababu mavuno yalikuwa mabaya Ghana na Ivory Coast, mvua na magonjwa ya miti, basi.

Kwenye habari wanasema mfumuko wa bei umeshuka. Mbona dukani ni pale pale?

Hapa ndo wengi wanahisi wamedanganywa, na wala sio uongo. Mfumuko ni kasi ya bei kupanda. Kasi ikishuka maana yake bei zinaendelea kupanda ila taratibu. Kitu kilikuwa 100, mwaka wa kwanza kikapanda asilimia 10 kikawa 110, mwaka wa pili "mfumuko umeshuka" mpaka asilimia 5, sasa kiko 115.5. Umeona kilichoshuka hapo? Hakuna.

Uingereza mfumuko ulifika asilimia 11.1 Oktoba 2022, Marekani asilimia 9.1 Juni mwaka huo huo, baadae ukapungua sana kote, lakini bei za zamani hazikurudi. Tena benki kuu nyingi hata hazitaki bei zishuke, za nchi hizo mbili zinalenga mfumuko wa kama asilimia 2 kwa mwaka. Kwa hiyo ukipanga bajeti, panga kwa bei ya leo. Kusubiri "mambo yarudi kama zamani" ndo kunamalizia watu akiba.

Vipo vinavyoshuka kweli, hasa mboga, matunda, mayai na nafaka baada ya mavuno mazuri. Vya kiwandani ndo vigumu, vikipanda vinakimbia na vikishuka vinatambaa.

Serikali inasema asilimia ndogo, mimi naona kama vimepanda mara mbili. Nani mkweli?

Wote wawili. Wale wanapima kapu la wastani la nchi nzima, ndani yake kuna kodi ya nyumba, simu, nguo, nauli, samani, mpaka vitu ambavyo wewe hununui kabisa. Na mtu wa kipato kidogo hela yake kubwa inaishia kwenye chakula, jambo ambalo Mjerumani Ernst Engel alilionyesha tangu 1857 na bado halijakanushwa. Chakula kikipanda kuliko vingine, mwenye kipato kidogo anaumia kuliko namba ya kwenye habari, na mwenye kipato kikubwa hata hastuki. Kwa hiyo namba ya kuangalia ni ya kapu lako mwenyewe.

Sawa, naanzia wapi?

Anza na mwezi mmoja wa kuandika tu, bila kubadilisha chochote. Daftari, simu, nyuma ya kalenda, popote. Mwisho wa mwezi jumlisha kwa kitu na sio kwa siku, yaani mafuta jumla ngapi, mchele jumla ngapi, sabuni jumla ngapi, gesi au mkaa, vitafunwa, vocha. Alafu panga kuanzia kikubwa. Vile vitano vya juu vipigie mstari.

Kitu kingine kinachosaidia kuliko watu wanavyodhani: siku unapofungua pakti ya sabuni ya unga au chupa ya mafuta, andika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Ikiisha, angalia imekaa siku ngapi. Baada ya pakti kadhaa unajua nyumba yako inakula nini kwa kasi gani, na ukiona chupa iliyokuwa inakaa wiki tatu sasa inaisha kwa mbili, kuna kitu kimebadilika, aidha wamepunguza ujazo, au kuna mtu anamimina bila huruma, au wageni wameongezeka. Bila tarehe utabaki kusema "siku hizi vitu havikai" na hujui kwa nini.

Nimegundua pakti imepungua ila bei haijabadilika. Huo si wizi?

Kisheria mara nyingi sio, maana uzito umeandikwa pale pale, kwa maandishi ya kutafuta na tochi. Ila ni kupandisha bei kwa mlango wa nyuma. Kilo moja ikiwa gramu 900 kwa bei ile ile, umepandishiwa asilimia 11, sio 10 kama inavyoonekana, kwa sababu ili upate kilo yako kamili inabidi ununue gramu 100 zaidi kwa bei hiyo mpya.

Mbinu zao ziko nyingi. Chupa inabaki na urefu ule ule lakini kitako kimebonyezwa kwa ndani, pindua uone. Mche wa sabuni unachongwa umbo jipya lenye kiuno. Rola la tishu linabaki nene kwa macho ila bomba la katikati limekuwa pana. Pakti ya biskuti ina hewa ya kutosha na trei ya plastiki inayoshika nafasi. Na mara nyingi hutokea pamoja na "muonekano mpya", ukiona hayo maneno geuza pakti usome gramu kwanza.

Ufaransa walichoka, tangu Julai 1, 2024 maduka makubwa kule yanatakiwa kubandika tangazo karibu na bidhaa iliyopunguzwa ujazo huku bei ya kipimo ikipanda, likae miezi miwili. Kwingi duniani hakuna sheria kama hiyo, kwa hiyo mlinzi ni wewe na kikokotoo cha simu: bei gawanya kwa gramu, au kwa mililita, au kwa idadi ya vipande. Ukishazoea ni sekunde tano. Kwa tishu hesabu karatasi au mita, sio rola. Kwa nepi hesabu bei ya moja moja, na ya saizi ya mtoto wako, maana pakti moja yenye bei moja inabeba chache kadri saizi inavyokua.

Na angalia vipimo visichanganywe. Lita moja ya mafuta ya kula haifiki kilo, ni kama gramu 920. Mmoja akikuuzia kilo na mwingine lita kwa bei ile ile, wa kilo ndo kakupa zaidi.

Ofa zina msaada wowote?

Zina, kwa kitu ambacho ungekinunua hata bila ofa. Nje ya hapo umetumia, hujaokoa. Hesabu zake ni hizi: "nunua viwili upate kimoja bure" ni punguzo la theluthi moja. "Cha pili nusu bei" inasikika tamu ila ni robo tu. "Asilimia 20 zaidi bure" ni punguzo la kama asilimia 17. Na ofa inayokuhitaji utumie kiasi fulani ndo upunguziwe, mara nyingi inakufanya uongeze vitu viwili vitatu ambavyo hukuvipanga, muuzaji anacheka mwenyewe.

Ofa nzuri inaijua mtu aliyeandika bei ya kawaida. Kama huikumbuki bei ya wiki mbili zilizopita, ile iliyokatwa kwa mstari mwekundu unaiamini tu kwa sababu imekatwa.

Ninunue jumla au kidogo kidogo?

Kununua kidogo kidogo ndo ghali zaidi kwa kipimo, na inawaumiza wasio na hela ya kutoa mara moja, hapo hakuna wa kumlaumu. Kama una kitu kidogo cha kuanzia, chagua bidhaa MOJA kati ya zile tano zako, nunua ya mwezi mzima, ile hela uliyookoa mwezi unaofuata iongeze kwenye bidhaa ya pili. Baada ya miezi michache unajikuta unanunua vingi kwa jumla na hujakopa popote. Au mchange na majirani na ndugu mgawane gunia, ila mkubaliane mapema nani anapima na kipimo gani, watu wameshanuniana kwa ajili ya kikombe kimoja.

Tahadhari. Jumla ni kwa vitu visivyoharibika na visivyoshawishi. Mchele, maharage makavu, chumvi, sabuni sawa. Mafuta sawa kama yatakaa gizani, yakikaa kwenye mwanga na joto yanachacha. Unga una muda wake, na nafaka zikiingia wadudu hasara inameza faida yote, weka kwenye chombo kikavu chenye mfuniko unaobana. Sukari, juisi na biskuti ukiweka nyingi zinaliwa nyingi, watoto wanajua mlango wa kabati ulipo kuliko wewe.

Bidhaa zisizo na jina kubwa ni mbovu?

Nyingine mbovu, nyingine zinatoka kiwanda kile kile. Chumvi ni chumvi, sukari ni sukari, hapo unalipia tangazo. Kwa sabuni ya unga, mafuta ya kula na tishu jaribu pakti ndogo kwanza, maana sabuni rahisi inayotaka kumiminwa mara mbili sio rahisi. Dawa ya meno angalia tu kama ina floridi, mengine mbwembwe. Na dawa za hospitali zina zile za jina la kawaida zenye kiambato kile kile, muulize mfamasia, anajua.

Nipunguze nini kwenye chakula bila familia kulala njaa?

Kabla ya kupunguza chakula, punguza kinachotupwa. Umoja wa Mataifa kupitia shirika lake la mazingira, UNEP, ulikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa zaidi ya tani bilioni 1 za chakula, na sehemu kubwa, kama asilimia 60, ilitoka majumbani, yaani sio mahotelini. Angalia ndoo yako ya taka jioni. Mkate mgumu, nusu nyanya iliyolegea, wali wa juzi, hizo zote zilikuwa hela.

Wali nausemea pekee yake. Ukibaki usiuache sufuriani mpaka asubuhi kwenye joto, kuna bakteria wanaovumilia kupikwa, wakiachwa kwenye uvuguvugu wanatoa sumu ambayo kupasha hakuiondoi. Ndani ya saa mbili uwe umepoa na uko kwenye friji. Huna friji? Basi pima wa kutosha mlo mmoja, ndo akiba yenyewe.

Nyama watu wengi hawahitaji kuiacha, wanahitaji kuibadilishia kazi, kidogo ndani ya mboga au maharage badala ya kipande kwa kila mtu. Maharage makavu yakiiva uzito unazidi mara mbili, ukilinganisha na ya kopo unashangaa unalipia maji. Yaloweke usiku kucha, maji yale mwaga, yanaiva haraka na gesi inapona. Maharage mekundu lazima yachemke kweli kweli, angalau dakika 10 za povu, yakiwa nusu mbichi yanatapisha.

Tarehe kwenye pakti ikipita nitupe?

Inategemea ni tarehe gani. Ile ya "bora kabla ya" inazungumzia ubora: ladha, mlio wa biskuti, harufu ya majani ya chai. Tambi zilizopitisha wiki mbili haziui mtu kama pakti ni kavu na haijatobolewa. Ile ya "mwisho wa kutumia", hasa kwa nyama, samaki na maziwa, hiyo heshimu, usijifanye mjanja wa kunusa. Na kitu kinachokaribia tarehe kikipunguzwa bei, kama utakipika leo ni chako.

Sabuni, dawa ya meno, shampuu, hizi zinaisha sana. Kuna ujanja?

Ujanja ni kipimo tu. Watu wanamimina sabuni kwa kuangalia povu, na povu halisafishi, limewekwa kufurahisha macho. Weka kijiko au kifuniko ndani ya sabuni ya unga na iwe sheria ya nyumba. Dawa ya meno ya mtu mzima ukubwa wa punje ya njegere inatosha, ule mkia mrefu ni wa kwenye tangazo, na mtoto chini ya miaka mitatu anahitaji kiasi cha punje ya mchele tu. Usichanganye dawa ya madoa yenye klorini na siki wala dawa nyingine ya choo ukidhani inakuwa kali zaidi, inatoa hewa yenye sumu.

Gesi, mkaa na umeme je?

Mfuniko. Yaani hilo peke yake. Maji yakishachemka moto mkubwa hauyafanyi yawe ya moto zaidi, yanabaki pale pale kwenye nyuzi 100 au chini yake kama uko mlimani, moto unaopita ubavuni mwa sufuria unapasha jiko na dari. Punguza, funika. Kwenye umeme vinavyokula ni vya joto, yaani pasi, hita, birika, jiko, na friji kwa sababu haipumziki. Taa ya LED ya wati 9 inatoa mwanga wa ile ya zamani ya wati 60. Kuchomoa chaja ya simu ni sawa ila usitegemee muujiza.

Vipi ambavyo nisiguse kabisa hata nikibanwa?

Maziwa ya kopo ya mtoto mchanga: usiongeze maji ili yafike mbali. Narudia, usiongeze. Mtoto anakosa lishe na chumvi za mwilini zinavurugika, anaweza kupata degedege. Ukikwama nenda kliniki useme wazi, hutachekwa.

Dawa za presha, sukari, kifafa na kadhalika usinywe siku moja uruke moja. Pedi pia, binti asikose shule kwa hilo. Na hela ya maji safi.

Tetesi zinasema kitu fulani kitaadimika wiki ijayo. Nijaze ndani?

Kuongeza kidogo, akiba ya wiki mbili tatu ya vitu unavyotumia kila siku, ni busara wakati wowote, sio siku ya tetesi. Wote tukikimbia siku moja tunautengeneza uhaba wenyewe, kama karatasi za chooni Machi 2020 nchi kibao, viwanda vilikuwa vinafanya kazi kama kawaida ila rafu zikawa tupu. Na ukikopa ili ujaze ndani, riba inakula ulichookoa.

Kukopa kwenye simu kununua chakula ni mbaya?

Mara moja kwa dharura, unajua hela inaingia tarehe fulani, sitakusema. Tatizo ni mkopo wa kila mwezi. Riba ya asilimia 10 kwa mwezi ukiizungusha mwaka mzima bila kulipa, deni la 100 linakuwa karibu 314. Na wengine wanakata juu kwa juu, unaomba 100 unapewa 90 unarudisha 100, hiyo tayari ni zaidi ya asilimia 11. Ukiona mkopo wa mwezi huu unalipa mkopo wa mwezi uliopita, chakula chako kimekuwa ghali kuliko bei ya rafuni, na hapo kubana sukari hakutasaidia, inabidi kushughulika na deni kwanza. Kadi za kulipa baadae nazo ziko hapo hapo.

Bosi kaniongeza mshahara asilimia 5, nishukuru?

Shukuru, alafu piga hesabu. Bei zikipanda asilimia 8, hiyo 105 yako inanunua vitu vya kama 97 vya mwaka jana. Umeongezwa na umeshuka. Ukienda kuzungumza nenda na namba rasmi ya mfumuko na orodha ya kazi ulizoongezewa, usiende na hadithi ya mafuta ya kula, yeye pia anakaanga.

Nyumbani mimi nabana, mwenzangu anafungulia. Nifanyeje?

Usimwonyeshe lawama, mwonyeshe lile daftari la mwezi. Ugomvi mwingi wa hela ni kwamba mmoja anaziona bei kila siku na mwingine alizisikia mara ya mwisho miaka miwili nyuma, bado anatoa hela ya matumizi ile ile. Mpe orodha akanunue yeye wiki hii, na asipige simu akiwa dukani.

Watoto wakubwa waambie ukweli bila kuwatisha. Wape kazi ya kusoma gramu, wanaipenda kuliko unavyodhani, na wanakamata pakti zilizopungua haraka kuliko sisi.

Mimi hata haya yote hayanisaidii, hela haitoshi kabisa.

Basi sio suala la kubana tena, ni suala la mpangilio wa nani alipwe kwanza. Chakula, maji, mahali pa kulala, dawa, nishati ya kupikia, nauli ya kwenda kazini. Wengine wote wasubiri, na uwaambie kabla tarehe haijafika, maana anayedai akipigiwa simu mapema huwa ana masikio, akitafutwa wiki mbili baadae huwa ana hasira tu. Omba kulipa kidogo kidogo na mkubaliane kwa maandishi, hata meseji. Ulizia misaada ya chakula shuleni kwa watoto, kliniki, ofisi ya serikali ya mtaa, nyumba za ibada, wengine wanayo na hawatangazi. Nenda mapema, ukiwa bado una kitu ndani cha kupika jioni hiyo.